Nilijaza maji chumba kizima cha meli, kisha nikaugua kwa kutokunywa

Wakuu, salamu kwenu mnaosoma mkiwa kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hii stori ni yangu na sijaiongezea chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa makamo, nimezaliwa Kianda pale Kibera, sasa nimepanga Kawangware. Nina digrii ambayo hunisaidia zaidi kubishana. Mke wangu, Mama Sharon, ana saluni karibu na stage ya matatu ya 56.

Dadake, Beatrice, husafisha vyumba kwenye meli kubwa ya watalii. Majuzi kazi yake ilimruhusu kualika watu wawili wa familia, tukazunguke naye visiwa vya Bahari ya Hindi.

Mama Sharon alinunua kofia pana ya mtumba, akatangazia saluni yote kwamba ataingia baharini kisiwani na kupigwa picha. Kisiwa chenye ufuo mzuri kilikuwa kimoja tu, siku ya tatu.

Tukaonyeshwa chumba. Kidogo, safi, kina bafu lake. Nikafungua mfereji.

Maji yakatoka!

Watu wa plot, mnaopanga vyumba ambavyo maji huja mara moja kwa wiki, mnanielewa. Maji yakitoka huulizi maswali, unajaza. Nikajaza sinki, ndoo ya barafu, chupa zote tulizobeba, hata pipa la takataka baada ya kulisuuza vizuri.

Beatrice alipokuja kutusalimia, alikwama mlangoni.

"Shem, hii ni nini? Umefungua kiosk ya maji?"

"Yakipotea je?"

"Shem, meli inatengeneza maji yake yenyewe."

"Hata landlord wetu alisema ana kisima cha borehole, na mfereji ni mkavu."

Sasa hapa ndipo ujinga ulipoiva. Yale maji kwangu yalikuwa akiba, na akiba haiguswi. Nikawa nakunywa kahawa tu, kikombe baada ya kikombe. Chakula unajipakulia, unarudi unavyotaka, nikala kama mtu aliye harusini na amesikia nyama inaisha. Kisha nikaketi juani saa sita mchana, kichwa wazi. Mama Sharon alinipa mafuta ya kukinga jua, nikamwambia hayo ni ya wazungu.

(Ngozi ya pua yangu ilibanduka baadaye. Tuendelee.)

Siku ya pili meli ilianza kuyumba. Kichwa kikazunguka, midomo ikakauka, na nikatapika ndani ya ndoo ya barafu. Akiba ikapungua.

Nesi akaitwa. Akatueleza sheria ya meli: mtu anayetapika hufungiwa chumbani pamoja na anayelala naye, wasije wakaambukiza wengine. Nikitapika tena kabla ya asubuhi, hakuna kisiwa, si kwangu wala kwa mke wangu.

Mama Sharon alichukua ile kofia akaitundika nyuma ya mlango. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mara ya mwisho kunywa maji ni lini?" nesi akauliza.

Nikafikiri. "Nairobi."

Nesi akatazama sinki, chupa zilizopangwa foleni, na pipa. "Na haya yote?"

"Ni ya kuangalia," akajibu Mama Sharon.

Nesi alicheka mpaka akashika mlango. Akanipa dawa ya kichefuchefu na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, ninywe kidogo kidogo. Nile wali mkavu na biskuti. Nikipata nguvu, niketi katikati ya meli, kivulini, pasipoyumba sana, nikitazama mbali.

Mama Sharon akavuta kiti karibu na kitanda, chupa mkononi.

"Baba Sharon, kunywa."

"Si nimekunywa sasa hivi."

"Kunywa tena. Nikikosa ile bahari, utarudi Kawangware ukiogelea."

Nikanywa. Sikutapika tena. Asubuhi nesi akanipima, akamwambia mke wangu achukue kofia yake.

Siku hiyo nilinawa mikono kabla ya kushika kijiko cha chakula, nikavaa shati jepesi, nikajipaka mafuta hadi masikioni. Na nikabeba chupa mbili za akiba. Mama Sharon aliingia baharini hadi magotini akipiga kelele kama mtoto, na Beatrice akapiga picha.

Picha iko saluni sasa, juu ya kioo. Yeye mbele na kofia, mimi nyuma na chupa kila mkono.

Wateja huuliza, "Na huyu muuza maji ni nani?"

Mama Sharon hujibu bila kuacha kusuka: "Simjui vizuri. Tulikutana kwa meli."

Nilichojifunza: maji ya kwenye chupa hayamsaidii mtu mpaka yaingie tumboni. Na jua halikuulizi wewe ni rangi gani.

Waliowahi kupanda meli, leteni yenu hapo chini. Wa kunicheka pia karibuni, ila kunyweni maji kwanza.