Debe Moja la Chenga

Juzi nilirudi kwetu Kibaoni, nikasimama mbele ya mashine mpya ya kukoboa mpunga. Inatenga yenyewe, mchele mzima huku, chenga zilizovunjika kule. Sikumaliza hata dakika tano. Miguu ilitaka kuondoka. Kutulia mahali pamoja sijawahi kuweza.

Utotoni ndiyo usiseme. Mwalimu wetu wa hesabu alipofundisha maswali ya mchanganyiko, mimi nachungulia dirishani. "Usichokijua kiite x," alizoea kusema, "halafu ukae chini ukitafute." Kukaa chini ndiko kulikonishinda.

Bibi yangu aliuza mchele. Alichanganya safi na wa chenga kwa macho tu, ungo magotini, na wateja walimwamini. Kisha macho yakaanza kufifia. Mpishi mmoja wa harusi, mama wa Lupiro, akamrudishia mchele mbele ya watu sokoni, umejaa chenga. Wiki iliyofuata akaagiza madebe manne, kwa sharti: katika kila vikombe ishirini, chenga zisizidi viwili.

"Nikimpa safi mtupu, hizi chenga atanunua nani?" Bibi aliuliza. Mpishi alikuwa njiani, anavuka mto kwa kivuko.

Nikachekecha, nikapima. Katika vikombe ishirini, mchele safi ulikuwa na kimoja cha chenga. Ule wa chenga, vitano. Nikaandika sakafuni kwa mkaa: madebe ya chenga ni x, ya safi ni manne kutoa x. Tano mara x, jumlisha nne kutoa x, ipatikane nane, yaani mbili za sharti mara madebe manne. Nikafuta, nikatoka nje, nikarudi, nikafuta tena. Hatimaye x ikawa moja.

"Debe moja tu?" Bibi alinitazama. "Mimi ningetia mawili."

Tukachanganya moja la chenga kwa matatu ya safi. Mpishi akafika bila kusalimia, akachekecha, akapima. "Shikamoo bibi," ndipo akasema. "Huu ndio mchele wako ninaoujua."

Nilirukaruka hadi barabarani. Bibi alibaki ameinamia maandishi ya mkaa sakafuni.

Tangu siku ile hakuchanganya tena peke yake. Nikitoka shule namkuta ananisubiri. Nami nahesabu harakaharaka, namtupia jibu, nakimbilia michezoni. Sikumwuliza hata mara moja kama angependa kuijua hiyo hesabu mwenyewe. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, najifunza namna ya kumfundisha mtu asiyejua.