Pochi Inayolia: Kutoka Kindu Hadi Kisangani na Kurudi

Sababu ya safari hii ni baba yangu, na pochi yake tuliyoikuta ndani ya pipa la mchele.

Baba yangu, Papa Ramazani, alikuwa fundi wa reli hapa Kindu mpaka alipostaafu. Ana nguvu, ana meno yake yote, na siku ya Ijumaa huenda msikitini amevaa kama bwana harusi. Lakini pochi humponyoka. Huiacha kwa kinyozi, huiacha kwenye mtumbwi wa kuvuka Lualaba, huiacha ukutani pale anapotawadha. Mara hii ya pipa alikuwa ameinama kuchota mchele, pochi ikatumbukia kutoka mfuko wa shati, naye hakuona. Nyumba nzima tuligeuza magodoro, tukahamisha kabati, tukamtuhumu mpaka mbuzi. Baba alikaa uani ameshika kichwa. Hakuwa akililia pesa. Alikuwa akililia picha.

Katika picha hiyo mama yangu, marehemu, ameketi kwenye kiti cha mpiga picha, uso wake umetulia kama maji ya asubuhi. Mimi, Aziza, binti yake, nimesimama kando yake na gauni la sikukuu, nimetoa ulimi. Ndiyo picha pekee ya mama iliyobaki baada ya vita. Niliwahi kuipiga kwa simu yangu nikamwonyesha baba: tazama, sasa haitapotea. Aliitazama kwa adabu, akanirudishia simu.

"Hii ni muzuri, binti yangu," alisema. "Lakini hii haikutembea na mimi."

Ndipo jirani yetu alipotuambia kwamba siku hizi kuna pochi zenye kidude ndani, kinachozungumza na simu. Ukiisahau, inalia.

Baba alisimama. "Pochi inalia? Sawa na mutoto?"

Tulizunguka maduka ya Kindu, hatukuipata. Wakasema Kisangani zipo. Nikafikiria kumwagiza mtu, lakini baba alikataa katakata. Pochi yake ataichagua mwenyewe, alisema, nami nilipomtazama machoni nikaona kwamba jambo la pochi lilikuwa limekwisha kugeuka sikukuu. Nilifunika cherehani yangu, nikawaambia wateja wangu wavumilie, tukaondoka.

Asubuhi ya kuondoka tulivuka Lualaba kwa mtumbwi wa mota hadi Alunguli, mimi nikiwa nimeshika pochi ya zamani kwa mikono miwili. Ng'ambo walitungoja vijana wawili wa pikipiki, Idi na mdogo wake Shabani. Baba alipanda nyuma ya Idi na mizigo, mimi nyuma ya Shabani. Tangu hapo hadi Punia nilichoona zaidi ni matope. Kuna mahali tulishuka tukasukuma, kuna mahali tulivuka juu ya magogo, na kuna mahali Idi na baba waliteleza polepole wakalala ubavu ndani ya dimbwi kama watu wanaojilaza kitandani. Nilipiga kelele. Baba aliinuka mweusi mpaka kwenye nyusi, akacheka.

"Aziza, piga foto!" alisema. "Kindu hawatasadiki."

Punia tulifika jua likiwa limeinama. Mji huo naujua kwa sababu ndiko vita vilikonikuta. Nilikuwa mtoto mdogo, nimetumwa kumtembelea shangazi. Milio ya bunduki ilipoanza, watu wote walikimbilia msituni. Mkono wa shangazi ukanitoka, nikafuata migongo ya watu nisiowajua. Shangazi aliokoka, alitokea Kalima baadaye. Mimi nilikwenda na umati ule kuelekea kaskazini, nikila tulichookota, hadi kijiji cha Obokote, ambako mwanamke mmoja aliyekuwa akirudi shambani alinishika bega na kuniuliza, "Weye ni wa nani?" Sikujua la kujibu. Akanichukua.

Mwanamke huyo ni Mama Sifa, na kwake ndiko tulikolala siku iliyofuata.

Obokote ni nyumba, mashamba ya migomba, na msitu unaoanza pale mashamba yanapoishia. Tulipozima pikipiki, Mama Sifa alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Tulikuwa tunasalimiana kwa simu tu, siku za sikukuu, pale mtandao unapokubali.

"Aziza! Mutoto yangu!" Alinizungusha kama nguo anayotaka kuinunua. "Umenona! Kindu munakula nini?" Kisha akamwona baba na matope yake. "Na huyu muzee mumemuchimba wapi?"

Alitulisha lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa moshi. Baba akatoa pochi, akaitoa picha, akamwekea Mama Sifa kwenye kiganja. Hivyo ndivyo walivyojuana. Wakati wa vita baba alitembea kwa miguu kutoka Kindu, kijiji kwa kijiji, picha hiyo imefungwa ndani ya nailoni. Sauti ilikuwa imemkauka, kwa hiyo mahali pengi hakuuliza neno. Alifungua pochi tu. Hapa Obokote aliifungua mbele ya Mama Sifa, naye akaitazama na kusema, "Ulimi huu naujua. Ananitolea kila asubuhi nikimuogesha."

Walicheka tena kwa neno hilo, kama lilisemwa jana. Nilipowaambia tunakwenda Kisangani kununua pochi inayolia, Mama Sifa aliweka mwiko chini.

"Mimi niko na vitu vingi vya kulia hapa," alisema. "Mbuzi, kuku, na goti langu. Munaenda kununua kingine?"

Kutoka Obokote hadi Lubutu si mbali, na baada ya Lubutu barabara ya Kisangani ilitupokea kwa huruma. Baba aliimba njia nzima. Shabani aliniambia hajawahi kumbeba abiria wa umri ule, na kwamba kaka yake angerudi amejifunza kaswida zote.

Kisangani, sokoni, tulielekezwa kwa Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye duka la simu, saa na mikoba. Alimkalisha baba kwenye kiti, akapanga pochi mbele yake moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwonyesha mteja vito.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma, nyembamba, inang'aa, na kadi zinachomoza ukibonyeza. Mama Kavira aliibonyeza. Baba alishtuka, akaibonyeza mwenyewe mara nyingi kupita adabu.

"Hii njo ya kisasa, papa. Vijana wote wanaitaka."

"Iko kama kopo ya sadini," alisema baba. "Na picha yangu? Nitaikunja?"

Haikuingia. Noti za franka nazo zilibaki nje kama ulimi wangu. Ya pili ilikuwa ya ngozi nyeusi, na kidude chake kina laini yake ya simu, kinaonyesha kwenye ramani pochi ilipo hata ikiwa mji mwingine. Mimi niliipenda papo hapo. Lakini Mama Kavira ni mwanamke mkweli.

"Hii inataka rezo wakati wote," alisema, akimaanisha mtandao. "Na uichomeke kwa umeme kila mara. Kwenu umeme iko?"

Baba alicheka mpaka kofia ikasogea. "Umeme wa kwetu, yenyewe, tunaitafuta! Hiyo njo ungetuuzia kidude chake."

Ya tatu ilikuwa ya ngozi ya kahawia, pana, imeshonwa kwa uzi mnene. Nilipitisha kidole kwenye mshono, maana hiyo ndiyo kazi yangu, nikaona umenyooka. Ndani ilikuwa na mfuko wa plastiki angavu. Baba aliiteremsha picha mle. Mama akatulia sawasawa, bila kukunjwa hata pembe.

"Hii haiombi rezo," alisema Mama Kavira. "Simu na pochi zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Zikiachana, zote mbili zinalia, na simu inaweka alama pale zilipoachana. Lakini nisiwadanganye: mwizi akikimbia nayo, simu itawaonyesha pale mulipoiacha tu. Mwizi haitamuonyesha."

"Mwizi simuogopi," alisema baba. "Ninajiogopa mimi."

Ukaja wakati wa kuijaribu. Mama Kavira aliunganisha pochi na simu yangu, na baba akaitia mfukoni akatoka. Nilibonyeza. Kutoka kwenye safu ya vitenge ikasikika sauti kama kifaranga aliyekanyagwa, kisha kelele za wanawake, kisha baba akatokea akicheza, mikono juu, kifua kinalia. Akarudi sokoni tena. Nikabonyeza tena. Safari hii alikuwa amejificha nyuma ya magunia ya maharagwe, na wauzaji waliotaka kumficha walikuwa wamefunika vinywa wasicheke. Nilibonyeza tu kwa furaha ya kumsikia. Mwanamke mmoja wa vitenge alimfunga kipande cha kitambaa kiunoni, na safu nzima ikampigia makofi. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni.

"Papa, unanunua ao unacheza?" Mama Kavira alipaza sauti.

"Ninacheza kwanza! Kisha nitanunua!"

Tukainunua ile ya kahawia.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Tulipofika Lubutu baba alikuwa amekwisha kuwalizia pochi, kwa simu yangu, mwuza mikate, askari wa kizuizi na imamu. Jioni tulifika tena Obokote kwa Mama Sifa, ambaye aliigeuza pochi, akainusa, akasema inanuka kiatu kipya. Baba alitaka nimwonyeshe Mama Sifa inavyolia, lakini tulikuwa tumechoka, nikamwambia ataiona siku nyingine. Asubuhi tulikunywa chai, tukaagana, akasimama mlangoni akatupungia.

Tulipofika kwenye daraja la magogo nje ya kijiji Shabani alipunguza mwendo, na hapo nikasikia kitu kinalia kifuani mwangu. Ilikuwa simu. Kwa sababu ya mngurumo wa pikipiki sijui ilikuwa imelia tangu lini.

"Simama!" nilipiga kelele. "Papa, pochi!"

Baba, mbele yetu, alipapasa shati. Alipapasa suruali. "Aiko," alisema.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye matope. Kwenye simu kulikuwa na alama ndogo, mahali tulipolala, lakini alama si pochi, na nilimkumbuka Mama Kavira na mwizi wake. Niliona mfuko wa plastiki angavu mikononi mwa mtu nisiyemjua, anatoa noti, anatupa picha. Tuligeuza. Shabani alikimbiza pikipiki kuliko siku zote, nami sikumwambia apunguze.

Baada ya kona moja tulimwona Mama Sifa. Alikuwa anakimbia katikati ya barabara, miguu mitupu, kitenge kimepandishwa magotini, mkono mmoja umeinyoosha pochi mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika kaa hai.

"Inalia!" alikuwa anaita. "Mukuje! Inalia na haitaki kunyamaza!"

Nilishuka kabla pikipiki haijasimama. Niliifungua. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametulia. Nami kando yake, ulimi nje. Nilimkumbatia Mama Sifa pamoja na pochi, nayo ilipoitambua simu yangu ikanyamaza.

"Nilisema kuku ameingia chini ya mto wa kitanda," alisema akihema. "Naondoa mto, naona pochi inaniitia watu!"

Nyuma yetu nilisikia mlio mwingine. Baba alikuwa ameulalia mgongo wa Idi juu ya pikipiki, mabega yanatikisika.

"Inafanya kazi," alisema, akifuta machozi. "Mumeona? Inafanya kazi!"

"Papa. Uliiacha makusudi?"

"Kule dukani kila kitu kinafanya kazi, Aziza. Nilitaka kujua barabarani."

Nilitaka kukasirika. Nilianza hata kukasirika, lakini Mama Sifa alicheka, Shabani akacheka, nikashindwa. Tulisimama pale barabarani tukicheka kama watu wasio na pa kwenda.

Mama Sifa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi.

"Siku ile papa yako alipokuchukua, wakati wa vita," alisema, "nilisimama hapa. Hapa kabisa. Nilikuwa nimekuzoea. Nilitaka kukimbia nikufuate, miguu ikakatala. Niliona mugongo yako mpaka ikaisha." Akashika goti lake. "Leo imekubali. Na ni ya uzee!"

Hakuwahi kuniambia hayo, si kwa simu wala uso kwa uso. Mimi siku ile nilikuwa juu ya mabega ya baba, nimejaa furaha, na sikumbuki kama niligeuka.

Baba alivua kofia. "Basi panda," alisema.

"Nipande wapi?"

"Kindu. Panda."

"Na nguo zangu?"

"Aziza ni mushonaji."

"Na kuku?"

Tulirudi hadi nyumbani kwake. Kuku walipewa jirani, mbuzi akapewa jirani mwingine, mlango ukafungwa kwa kufuli. Mama Sifa alikaa nyuma yangu kwenye pikipiki ya Shabani, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, na kila dimbwi tulilovuka alipiga yowe la furaha sikioni mwangu mpaka Punia, na kutoka Punia mpaka Alunguli.

Walioniuliza kuhusu pochi niliwajibu hivi: chukueni inayopokea vitu vyenu bila kuvikunja, isiyohitaji umeme msiokuwa nao, na muisikilize inavyolia kabla ya kuilipa. Kwa hayo safari ilitosha. Lakini nilijifunza na jingine. Miaka yote nilidhani mtu aliyenilea wakati wa vita ni wa kushukuriwa kwa simu, siku ya sikukuu. Kumbe ni wa kwenda kuchukuliwa.

Mama Sifa alisema atakaa mpaka mavuno ya mpunga. Mavuno yamepita. Sasa hivi yuko uani kwangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kumgombeza baba kwamba watu wa Kindu hawajui kupika ndizi, naye baba anamjibu kwamba watu wa Obokote hawajui kupika wali, na mimi nimeisimamisha cherehani ili niwasikie vizuri.