Mbwa Asiyeangusha Manyoya

Harufu ya manyoya ya mbwa yaliyolowa mvua na kupakwa mawese si harufu ya kumtamanisha mtu, lakini mimi ikinijia popote nilipo, moyo hunirudisha uani kwetu Kindu, upande wa Mikelenge, miaka ya mwisho mwisho ya Wabelgiji. Baba yangu alikuwa mpishi wa Madamu mmoja ambaye mumewe alikuwa mkubwa wa reli. Msimu ule walikwenda likizo kwao Ulaya, wakamwachia Baba mbwa wao Pompo, wa aina ile ndogo nyeupe waliyoiita bishoni. Alikuja kwetu ndani ya kikapu, kavimba manyoya kama pamba iliyopasuka, akatuangalia mmoja mmoja kana kwamba sisi ndio wageni. Nilimpenda palepale, na sikuona haya kusema hivyo.

Shida ilikuwa Koko, yaani mama yake Baba. Ukoo wetu ni wa Waislamu tangu mababu, na kwa Koko hapakuwa na mjadala: mbwa ni najisi, kuanzia mate yake hadi unywele wake wa mwisho, na chombo alichokiramba huoshwa tena na tena na kusuguliwa kwa udongo. Baba alimbembeleza mchana kutwa. "Mama, Madamu ameniachia yeye sawa mutoto," alisema. "Akimukosa, kazi yangu njo imeisha." Sisi sote tulikula kwa kazi ile, hata Koko mwenyewe, kwa hiyo akakubali kwa sharti moja: siku unywele mmoja utakapoonekana kwenye musala wake wa kusalia, mbwa atatoka, na mwenye kumleta amfuate.

Basi kila alfajiri, kabla ya kusujudu, Koko aliinama na kupekua musala wake kama mtu anayechambua mchele. Hakuona kitu. "Nimetafuta hata moja ku musala, sijaona," alimwambia Mama, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Hii imbwa iko namna gani?" Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba manyoya ya mbwa wa aina ile hukua kama nywele za mtu, na yakifa hayaanguki chini bali hunasa katikati ya yaliyo hai, yakisubiri kuchanwa. Madamu alilijua hilo, ndiyo maana aliacha brashi yenye meno ya chuma na kumwagiza Baba amchane Pompo kila siku mpaka kwenye ngozi. Lakini Baba alipoishika brashi ile uani mara ya kwanza, ikajaa manyoya, na upepo ukachukua fungu dogo ukalipeleka hadi kizingitini kwa Koko. "Kama manyoya yake haianguke yenyewe, munaiamusha juu ya nini?" akauliza Koko, akitaka sababu. Hata Baba aliona swali lina akili. Brashi ikachomekwa kwenye majani ya paa, na huko ikakaa.

Mvua zilipoanza, Pompo akawa analowa na kukauka, analowa na kukauka, na manyoya yake yakaanza kushikana nyuma ya masikio na kwapani. Mama, ambaye kila Alhamisi alitusuka wasichana wote ili Ijumaa itukute safi, akaona dawa. "Tumusuke tu," alisema. "Nywele ikisukwa, haiombe kichanuo." Akampakata Pompo juu ya gunia, akampaka mawese, akamgawa mistari na kumfunga vifundo kwa uzi mweusi, vilevile alivyotufunga sisi. Majirani walikuja kumwona wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi niliringa naye mtaani kana kwamba nampeleka harusini.

Kicheko hakikudumu. Pompo akaacha kula. Ukimgusa mgongoni alilia kwa sauti nyembamba, na harufu yake ikawa si ya mvua tena. Baba alipojaribu kufungua vifundo alikuta manyoya yameshikana kama mkeka, na chini yake ngozi imekuwa nyekundu na yenye majimaji. Mkasi haukupata pa kupita. Kumpeleka kwa mganga wa mifugo wa Wazungu kulikuwa ni kujipeleka mwenyewe kushtakiwa. Baba alikaa barazani, mikono ikining'inia, na mimi niliogopa kwa sababu sikuwahi kumwona amekaa mchana bila kazi.

Koko alikuwa chumbani akisali. Alipotoa salamu alitoka, akasimama akimsikiliza yule mbwa anavyolia. Ijulikane kwamba Koko ndiye aliyewanyoa watoto wachanga wa mtaa wetu siku yao ya saba, na mkono wake haukuwahi kumkwaruza hata mmoja. "Mimi njo nilikataza brosi," alisema. "Leteni wembe na maji ya moto." Mama akamkumbusha kwa adabu kwamba huyo ni mbwa. Koko akakunja mikono ya nguo yake. "Mungu alitupatia maji na udongo juu ya nini?" Akapiga bismillahi, akamlaza Pompo mapajani, akaanza nyuma ya sikio, polepole, akimwimbia ule wimbo wa wachanga. Manyoya yalitoka vipande vizima kama ngozi ya kondoo, na Pompo, baada ya kutetemeka kidogo, akalala. Kisha Koko akaenda kuchota udongo, akajisugua hadi viwiko, akabadili nguo, akarudi kusali.

Madamu aliporudi, manyoya yalikuwa yameota urefu wa ukucha, na kuanzia siku ile ya wembe Baba aliyachana kila jioni, mbali na mlango wa Koko. Nilikwenda naye kumrudisha Pompo. Alimweleza Madamu yaliyompata Pompo bila kuficha, kofia mkononi. Madamu alimpapasa Pompo mwili mzima akitafuta kovu. "Nani alimunyoa?" Baba akasema ni mama yake. Madamu akamgeukia Baba. "Miaka yote hii unanipikia," akasema, "sikujua kama uko na mama." Kazi ya Baba ikabaki.

Leo wajukuu wangu wanafuga mbwa kama yule, naye ana kinyozi wake, maji yake ya vuguvugu na sabuni yake ya kunukia. Nafurahi, kwa kuwa ujinga wetu ulimtesa Pompo na sitaki kuupamba. Lakini mwenye mbwa wa leo anamhudumia mbwa wake mwenyewe, anayelala kitandani kwake. Koko alimpakata mnyama aliyemwona najisi, mali ya mwanamke asiyejua kama yeye yuko duniani, akamwimbia. Nimeishi kwingi na kuhudumiwa na wengi, na mkono kama ule sijauona tena.