Ng'ombe Niliowafuta

Ukoo ulipoamua kulijengea saruji kaburi la baba wa babu yetu, ukataka na historia ya kusoma siku ya kulizindua. Nikachaguliwa mimi. Si kwa elimu, maana niliishia kidato cha nne. Ni kwa sababu sitoki nyumbani. "Huyu wa Kihesa ana kazi gani? Anapalilia kochi tu," alisema baba mdogo. Kikao kikacheka, kazi ikawa yangu.

Nikajikokota hadi Mafinga kwa bibi, mjane wa babu, ndiye pekee aliyebaki anayejua. Mashine ya mbao ya jirani ilikuwa inanguruma, ikabidi apaze sauti kuniambia jambo la kunong'onwa: mwaka wa njaa, mzee yule wa kaburini alimpeleka binti yake, dada wa babu, huko Usangu, akarudi na mahindi. Hakuozwa. Alibadilishwa.

"Mahindi hayo ndiyo yaliyomkuza babu yako," akasema. "Kwa hiyo hata wewe. Kuandika au kuacha, shauri yako. Mimi mzigo nimeshautua."

Shida ni kwamba binti yule ana mtoto, shangazi yetu wa Mbeya, kizee sasa, na kila msiba hutamba kwamba mama yake alitolewa mahari ya ng'ombe uwanja ukajaa. Mimi nilikuwa nimeshawaandika ng'ombe hao, tena nikawanenepesha.

Wiki hiyohiyo shangazi akapiga simu.

"Kamwene, kuku wa ndani! Hujaota uyoga bado?"

"Bado, shangazi. Labda mvua zikizidi."

"Haya, nisomee ya mama."

Ng'ombe nikawaruka. Nikasema tu kwamba alipelekwa Usangu mwaka wa njaa, akiwa mdogo.

"Mdogo kiasi gani?"

"Bibi anasema meno ya utoto yalikuwa hayajang'oka, shangazi."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Mama alikuwa hakai ndani mahindi yakimiminwa kwenye debe," akasema polepole. "Anatoka, anasimama nyuma ya nyumba mpaka yaishe. Sisi tulikuwa tunamcheka." Halafu akasema, "Futa ng'ombe. Meno yaandike."

Nimewafuta. Mahindi sijayaandika, naye hajaniuliza. Jumamosi atakuja kaburini, atakaa mbele kabisa kama kawaida yake, na msomaji ni mimi. Siku hizi simu ikiita, natazama kwanza kama ni yeye.