Koo la Shangazi Skolastika

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa kabatini. Lilikuwa kabati langu mwenyewe la nguo, chumbani kwangu, Majengo, Mpanda mjini. Bwana Severini, ambaye zamani alikuwa Meneja wa Vipindi kwenye redio moja ya hapa, alitoa rafu zote, akasimamisha magodoro mawili pembeni ili sauti isirudi, akatundika blanketi nyuma yangu. Mbele ya maikrofoni alifunga soksi ya nailoni kwenye waya wa duara, maana ukitamka "p" au "b" unatoka upepo unaopiga maikrofoni kama kofi. Studio ndiyo hiyo. Kazi yenyewe tuliita kutia sauti. Mteja yuko Dar au Mwanza, anatuma maandishi kwenye simu, unarekodi nyumbani kwako, unamrudishia kwa bando lako. Huna mwajiri.

Nilianza kusoma. Akafungua mlango.

"Tereza, mbona unasoma?"

"Si umeniambia nisome, bosi?"

"Nimekwambia uongee. Kusoma wanasoma wenye digrii."

"Mimi nimeishia la saba."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Toa jasho, rudia."

Kila unaporudia inaitwa teki. Siku ile nilifanya teki ishirini na kitu kwa tangazo la mbegu za mahindi. Adui zangu walikuwa mvua kwenye bati, majogoo, na mashine ya kukoboa mpunga ya jirani. Umeme ukikatika mtaa mzima unalalamika, mimi nashangilia, kwa sababu mashine inanyamaza na kompyuta yangu ina chaji.

Bwana Severini alinifundisha sheria moja tu. "Tangaza, usishuhudie," alisema. Maana yake, unaweza kuwaambia watu kuna dawa dukani. Usiseme "mimi nilikuwa naumwa nikapona" kama hukuumwa. Niliishika sheria hiyo mpaka alipohamia Tabora kwa watoto wake. Baada ya hapo nikawa bosi wangu mwenyewe, na bosi huyo hakuwa na adabu.

Wenzangu wa kazi hii wakisimulia husema "mteja fulani". Mimi nataja. Aliyenitafuta ni Bwana Ladislaus, Afisa Masoko wa watu waliokuwa wakizungusha dawa ya chupa vijijini kwa gari la spika. Aliandika maneno yale yeye mwenyewe. Mimi niliyasema. Tuko wawili, nyie msitafute wa tatu.

"Dada, unaweza bibi?" aliniuliza kwenye simu.

"Bibi wa wapi?"

"Wa huko kwenu Mpimbwe. Bibi anayeaminika."

Nikamfanyia bibi wa kutetemeka. Akacheka. "Huyo bibi wa maigizo. Huyo hauzi hata karanga." Nikamfanyia wa pili, akakataa. Teki ya tatu ndipo nikamwingiza Shangazi.

Shangazi Skolastika, dada wa marehemu baba, alikuwa mkulima wa mpunga Usevya, huko huko Mpimbwe, na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kabla ya kusema jambo alikuwa anagonga koo mara mbili, hm-hm, kama mtu anayebisha hodi, halafu anasema, "Basi nyie, sikieni." Watu wote waliokuwa wakiongea wananyamaza.

"Hm-hm. Basi nyie, sikieni," nikasema kabatini.

"Huyo!" Ladislaus alipiga kelele. "Huyo usimwache!"

Kulikuwa na mstari unaosema, nimeacha vidonge vyote vya presha na sasa nalima kama msichana. Nikamwambia, "Bosi, huu wa kuacha vidonge tuuruke."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nikausema, na nikausema vizuri. Unaposafisha teki, milio ya koo unaikata. Nilikuwa nimeshaichagua ile hm-hm niifute. Akasema, iache, ndiyo inayouza. Nikaiacha. Kidole kilikuwa changu.

Gari likaingia Usevya. Shangazi alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai, akasikia sauti yake mwenyewe inapita barabarani ikisema imepona ugonjwa ambao hajawahi kuumwa. Jioni ile binamu yangu Patrisi, mwanawe, akanipigia.

"Dada, mama ametangaza dawa lini?"

"Dawa gani?"

"Iko kwenye gari. Ni mama kabisa."

"Sauti za watu zinafanana, Patrisi."

Nilimjibu hivyo bila kukwama, kwa teki moja.

Watu walinunua kwa sababu ya Skolastika. Jirani yake, Mama Anjela, aliacha vidonge vyake vya presha kama alivyoambiwa. Baada ya wiki kadhaa akaanguka akiwa anachota maji kisimani, upande mmoja wa mwili ukafa. Wakamwuliza Shangazi amelipwa nini. Akaapa kwamba hakusema. Nani amwamini, wakati kila mtu alimsikia? Wakamtoa uenyekiti. Nilimpigia Ladislaus waondoe tangazo, akanijibu, "Kwani tumetaja jina lake? Sauti haina kitambulisho, dada." Nasikia siku hizi anauza sabuni.

Msidhani nilikwenda Usevya kwa ujasiri. Niliitwa. Shangazi mwenyewe alinipigia.

"Tereza, wewe unajua mambo ya mitambo. Njoo uwaeleze watu kwamba mashine inaweza kuiga koo la mtu. Wewe watakuamini, umesomea."

Sikusomea chochote. Lakini yeye alikuwa akinisifia hivyo kijiji kizima.

Jumuiya ilikutana uani kwake. Walishasali, wakanipisha. Mama Anjela aliletwa akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, mdomo umevutwa upande. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kweli kueleza mashine. Nilieleza kompyuta, nikaeleza programu, nikamtaja Ladislaus mwenye tangazo, nikachanganya na vineno vya Kizungu. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, anawatazama wenzake: mnaona?

Mama Anjela akauliza, kwa shida, maneno yakitoka nusu nusu, "Sasa mashine... ile hm-hm ya Skola... iliipata wapi? Ladislaus wenu... alishawahi kufika hapa?"

Ua mzima ukanigeukia. Shangazi naye akanigeukia, bado anatabasamu, anasubiri nijibu.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?" akauliza Shangazi.

Nikashindwa kueleza. Nikafanya tu. "Hm-hm. Basi nyie, sikieni."

Mama mmoja nyuma akacheka, maana ilifanana mno, halafu akaziba mdomo. Shangazi hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe.

"Haya," alisema. "Sasa waombe radhi. Kwa sauti yako."

Nikafungua mdomo, ikatoka ile sauti ya matangazo, laini, kila neno limenyooka. "Ndugu zangu, naomba..."

"Si hiyo," akasema.

Nikajaribu tena. Ikatoka hiyo hiyo. Miaka tisa kabatini, na yangu sikujua nimeiweka wapi. Mwishowe nililia, na nadhani kile kilio ndicho walichopokea. Walimrudishia Shangazi uenyekiti siku ile ile, akaukataa. Alinipakulia wali na maharage, nikala. Jibu la msamaha wangu hakunipa.

Niliporudi mjini nilitoa magodoro kabatini. Sasa nalima Kakese, nje ya mji, na ukinipigia kwa kazi ya sauti nakwambia umekosea namba. Vijana wanaoanza huniuliza siri. Siri ni kwamba kila mhusika unayemwigiza unamtoa kwa mtu fulani, na mtu huyo hajaulizwa. Mwulizeni. Kama mnaona aibu kumwuliza, basi mnajua tayari.

Shangazi alifariki mavuno yaliyopita. Matanga yalipoanuliwa, Patrisi alinivuta nyuma ya ghala, akatoa simu.

"Dada, hatukuwahi kumrekodi mama. Hata harusini kwangu alikuwa jikoni. Tuna hii tu."

Lilikuwa tangazo lile. Mtu alilirekodi lilipopita.

"Wewe unajua kukata," akasema. "Nitolee maneno ya dawa, niachie mama."

"Patrisi, yule siyo mama. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Kata."

Nikakaa na kompyuta yangu ya zamani. Nikatoa presha, nikatoa vidonge, nikatoa chupa, nikatoa msichana anayelima. Kila nilichoondoa kilikuwa uongo, na nilipofika mwisho zilikuwa zimebaki sekunde nne.

Patrisi aliweka simu sikioni. Hm-hm. Basi nyie, sikieni. Akafumba macho. Halafu akairudia, na mimi nikasimama pale pale, nikinyamaza, kama tulivyokuwa tunanyamaza wote Shangazi akigonga koo.