Tejratna Awaleta Wageni Uani Kwao

Watu wa Patan, mji wa Nepali, walimjua Tejratna Shakya kwa viatu vyake. Ukisikia kwo, kwo, kwo juu ya matofali ya uwanja wa wafalme asubuhi, ni yeye huyo, viatu vyeusi vya ngozi vimeng'arishwa mpaka mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu, na nyuma yake wageni wamefuatana kama bata. Alianza kutembeza wageni ndevu zake hazijaota vizuri, na sasa zilikuwa zimeingia mvi. Aliwapeleka kwenye hekalu la mawe la Krishna, akawapeleka kwa Shiva, kisha akawavusha njia na kuwaingiza kwa Buddha. Walipomuuliza yeye mwenyewe ni wa dini gani, alicheka. Aliwaambia kwamba kwenye bonde lile swali hilo halina kazi, mtu akipita mbele ya mungu hugusa paji la uso kwanza, habari za majina baadaye.

Hilo lilikuwa kweli. Na mengine aliyosema yalikuwa kweli pia, ila yalikuwa yamekaangwa kidogo, kama chakula kinavyokaangiwa wageni.

Lakini kitu alichokisimulia vizuri kuliko vyote kilikuwa ua wa kwao mwenyewe. Ua unaitwa Dhusa, uko nyuma ya maduka ya shaba. Unaingia kwa kuinama kwenye kijia cheusi, na ukitokea upande wa pili unakuta kisima, njiwa, akina mama wameanika mpunga, na mungu wa ua amekaa ndani ya nyumba yake, mlango wazi. Hapo Tejratna alikuwa akishusha sauti. "Mshika zamu wa hapa," aliwaambia, "hamwachi mungu hata saa moja. Hagusi ngozi. Hali kitunguu. Haguswi na mtu. Baba kwa mwana, tangu zamani za zamani."  Wageni wengine walipangusa macho.

Mwaka ule zamu ikamwangukia yeye.

Zamu ya Dhusa huzunguka nyumba hadi nyumba, na ikifika kwenu ni mwezi mzima. Unavaa nyeupe, unalala mlangoni pa mungu, alfajiri unamwosha uso na kugonga ubao, jioni unawasha taa kabla jua halijaacha ncha ya paa. Kwa nyumba yao zamu ilikuwa imeshikwa miaka yote na baba yake, Asakaji, mpaka mzee akafikia umri wa kuvutwa. Huko mzee akifikia umri ule, wanawe na wajukuu humpandisha kwenye gari la mbao lililopambwa maua, wakamvuta mitaani kwa ngoma, na tangu siku hiyo anahesabiwa kama mmoja wa miungu. Hatumwi tena. Hata maji ya kunywa huletewa. Siku ya Asakaji, Tejratna ndiye aliyeshika kamba ya mbele, akavuta huku analia, na watu waliokaa madirishani wakasema mzee yule amezaa.

Sasa zamu hii ilikuja mwezi wa Mangsir, baridi imeanza, anga limesafishika, milima yote inaonekana, na wageni wamejaa mji. Tejratna alikaa mlangoni na nguo yake nyeupe akisikia watembezaji wengine wakipita nje na makundi yao, wanasema vibaya mambo ambayo yeye angeyasema vizuri. Siku moja mwenye ofisi ya safari akampigia simu. Kundi la Waholanzi limefika na linamtaka yeye kwa jina. Kuna mama mmoja, Hanneke, rafiki yake alitembezwa na Tejratna zamani na hajaacha kumsimulia.

"Wanasema wanamtaka profesa," mwenye ofisi akasema.

Neno hilo lilimshukia kifuani kama chai ya tangawizi. Shule yenyewe hakuimaliza.

Alimkuta baba yake anaota jua barazani, anabangua karanga.

"Baba, watu wa leseni wananiita. Kesho tu. Nisipokwenda watanifutia."

"Watu wa leseni," mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

Mzee alimalizia karanga iliyokuwa mkononi. "Basi nipe hiyo nyeupe. Magoti yamekufa, lakini mikono bado inajua kazi."

Hakuuliza zaidi. Na hilo ndilo lililokuja kumuuma Tejratna baadaye kuliko mengine yote, kwamba hakuuliza.

Basi siku ya pili kwo, kwo, kwo, profesa yuko uwanjani. Aliwaonyesha Waholanzi nguzo, madirisha, simba wa mawe waliopapaswa na mikono ya watoto mpaka pua zimeisha. Alisema vizuri siku ile. Aliwalisha maziwa mgando kwenye vibakuli vya udongo, wakafurahi. Hesabu yake ilikuwa awapitishe kila mahali isipokuwa Dhusa, na kabla jua halijashuka awe amerudi, amevua, ameoga, amempokea baba yake.

"Na ule ua?" Hanneke akamuuliza. Alikuwa mama mrefu, mpole, amevaa glovu nyekundu za ngozi kwa ajili ya baridi. "Ua wa yule asiyemwacha mungu."

"Leo umefungwa, mama. Wanakarabati."

"Nimekuja Nepali kwa ajili ya huo tu," akasema kwa utaratibu, kama mtu anayeomba maji. "Tungechungulia tu, profesa."

Angeweza kukataa. Mtembezaji ana njia mia za kukataa. Lakini aliitwa profesa, akawapeleka.

Walipotokea upande wa pili wa kijia, wa kwanza kuwaona alikuwa shangazi yake, Heradevi, dada wa baba, yuko kisimani anasugua masufuria. Mama huyu aliuza skafu kwa watalii uwanjani mpaka Kiingereza kikamkaa mdomoni bila kwenda shule. Alimtazama mpwa wake kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akaishia kwenye viatu.

Barazani walikuwa wamekaa wazee wa ua, na mkubwa wao, Bekharatna, akauliza kwa sauti ya kiziwi, "Heradevi, huyo si mshika zamu? Asakaji alituambia mwanawe anaumwa tumbo."

"Tumbo limepona, kaka," Heradevi akajibu bila kuacha kusugua. "Limepona na limevaa viatu."

Hapo Tejratna akaelewa. Kumbe baba yake alikuwa amewadanganya wazee. Ugonjwa unaruhusiwa kwenye zamu, ofisi hairuhusiwi, na mzee aliyekwisha kuvutwa na wanawe mtaani alikuwa amefungua kinywa chake kile na kutengeneza uongo, amfunike mtoto.

Na huyo hapo, Asakaji, mlangoni pa mungu, nguo nyeupe imemzidi mabegani, anapanga pamba za taa. Aliwaona wageni. Akamwona aliyewaleta. Akarudisha macho kwenye pamba zake.

"Tusimulie," Hanneke akanong'ona.

Tejratna alijisogeza nyuma ya Mholanzi mnene kuliko wote, akasimulia kutokea huko. Alisema ua ni wa zamani, mungu ni wa zamani, zamu ni ya baba kwa mwana. Kufikia hapo akakwama. Angewezaje kusema hagusi ngozi, naye ngozi iko miguuni, na shangazi anasikia kila neno? Angesemaje hamwachi mungu? Haguswi na mtu, hilo nalo lilikuwa limefungwa kwenye mzigo uleule, akaliacha. Aliruka yote, akaanza habari za njiwa.

"Muulize kama ana mwana wa kumrithi," Hanneke akasema.

Ikabidi aulize. Aliuliza kwa lugha ya nyumbani, akitazama ngazi, na hakusema Baba. Alisema "mzee," kama unavyomwambia mzee wa njiani.

Asakaji alifikiri kidogo. "Mwambie ninaye mmoja," akasema. "Ni mtoto mzuri. Zamu ni yake yeye, mimi namshikia tu kwa sababu anaumwa. Alinivuta mtaani, kamba ya mbele. Mwambie na hilo."

"Anasema anaye," Tejratna akatafsiri.

"Aa," Heradevi akasema kutoka kisimani. "Kaka yangu amepika sufuria nzima, wewe umepakua kijiko."

Wazee barazani hawakucheka. Hanneke hakuelewa maneno, lakini uso wa mzee aliuelewa, maana ulikuwa uso wa mtu anayemsifia mwanawe. Akapanda ngazi mbili, na kabla mtu hajafungua mdomo akaukamata mkono wa Asakaji, akaufunika kwa mikono yake miwili, glovu na vyote.

 Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga alibaki na ungo hewani.

Asakaji hakuuvuta mkono. Alitabasamu, akangoja mpaka mgeni akamwachia mwenyewe. Kisha akazitazama zile pamba za taa, ambazo sasa hakuweza kuzigusa mpaka aoge, akatazama juu, ambako jua lilikuwa limebaki kwenye paa tu, akashuka ngazi moja moja kwa magoti yake yale na kwenda kisimani.  Alianza kufungua nguo ya juu.

"Nimekosea jambo?" Hanneke akauliza.

"Hapana, hapana," Tejratna akasema. "Ni desturi. Huoga kabla ya kuwasha taa."

Waholanzi wakatoa simu zao kupiga picha.

Hapo ndipo nafasi ya kumzuia baba yake ilipokuwa, naye aliiona. Hatua chache tu kufika kisimani. Alisimama. Alisema moyoni, labda shangazi atamzuia, labda mzee Bekharatna atasema neno, labda maji yamekaa juani. Heradevi alishika bakuli la shaba kaka yake asilichukue, na mzee akalitoa mkononi mwake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akajimwagia. Maji ya kisima cha Mangsir, juu ya mabega yaliyobaki mifupa. Pumzi ikamkatika, ikatoa sauti ndogo, hik, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa Tejratna nyuma ya yule Mholanzi. Alipiga magoti kufungua viatu, kamba zikafanya fundo, akavivua kwa nguvu hivyo hivyo. Alimwendea baba yake, akachukua bakuli kabla ya maji ya pili.

"Huyu ni baba yangu," akawaambia wageni kwa Kiingereza, ameinamisha kichwa. "Zamu ni yangu mimi. Hatakiwi kuguswa na ngozi, na sikuwaambia."

Hanneke alifunika mdomo, kisha akakumbuka alichofunikia, akazivua glovu na kuzificha mfukoni kama vitu vya wizi. Baadhi ya simu zilibaki juu. Tejratna alivua kanzu yake ya kazi mbele ya simu hizo, yeye aliyeuonyesha ua huu kwa watu miaka yote, na sasa yeye ndiye kitu cha kuonyeshwa. Heradevi alimmwagia bila huruma.

"Anza na kichwa," Asakaji akasema, meno yanagongana, amefunikwa shali ya dada yake. "Usianze na miguu, kama mgeni."

Alipokuwa akipanda ngazi, maji yanamchuruzika, mzee Bekharatna akamwita.

"Tumbo linaendeleaje?"

"Sikuumwa tumbo, Baba Mkubwa. Nilikuwa na wageni."

"Tulijua," mzee akasema. "Mimi ni kiziwi, lakini viatu vile navisikia."

Jua lilikuwa limekwisha kuacha ncha ya paa. Taa iliwaka imechelewa, na kila mtu uani aliona hivyo. Nje Heradevi alikuwa akiwakusanya Waholanzi na kuwatoa kwa kijia, akiwaambia kwa Kiingereza chake cha skafu wainamishe vichwa wasijigonge.

Asakaji aliumwa kifua kwa siku zote za zamu zilizobaki. Hakuwa wa kufa, alipona baadaye akarudi kwenye karanga zake, lakini zamu nzima Tejratna alimsikia. Kila alfajiri, kabla hajagonga ubao, alisimama na kigongo mkononi akingoja kikohozi kile kutoka dirishani juu. Kikija, anagonga.

Bado anatembeza wageni. Wakimwomba Dhusa huwafikisha kwenye kijia cheusi, akawaambia wavue glovu, wasimguse mtu yeyote aliyevaa nyeupe, na waende wenyewe. Wakimuuliza mbona haingii, huwaambia atawangoja hapo hapo.