Sinki na Maji ya Vibuyu

Nyumba tuliyopewa mimi na mume wangu upande wa Bweranyange ilijengwa na Mzungu wa misheni, na alipohamishwa aliacha ndani yake kinanda kilicholiwa na mchwa na sinki. Kinanda tulikitoa. Sinki lilikuwa limejengewa ukutani jikoni, halitoki, basi likabaki nasi. Maji yake yalitoka kwenye tangi la mvua lililoinuliwa juu ya matofali nje ya dirisha. Yakishatumika yalishuka kwenye tundu, yakapita katika bomba moja hadi kwenye mtaro wa migombani.

Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni, na sinki lile lilimvimbisha kichwa. Mgeni akija kutusalimu baada ya ibada, lazima apitishwe jikoni alione. Jikoni! Mwanamume wa kwetu kumpitisha mgeni jikoni, tena bila aibu, akifungua bomba na kulifunga! Mimi ni binti wa wakulima wa Kituntu, nimekua nikiosha vyombo nje juu ya majani ya migomba. Nilimwacha na raha yake.

Mama yake alikuja kwetu nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Alitoka Kaisho kwa miguu, safari ya kulala njiani, akiswaga ng'ombe mmoja na ndama wake, maana hakuona vipi mkamwana wake angejifungua katika nyumba isiyo na maziwa. Walikuwa watu wa ng'ombe. Alikuwa amebatizwa na hakuna asubuhi aliyoacha kusali, lakini baada ya Mungu walifuata ng'ombe, na sina hakika kama nafasi ilikuwa kubwa sana kati yao.

Siku za kwanza nilimwogopa. Alikuwa mrefu, maneno yake machache, na alinitazama nikila maharage kama mtu anayetazama mtoto akila udongo. Halafu jioni moja aliniona nimeshika kiuno, akaniketisha bila kuuliza, akanikanda mgongo kwa siagi mpaka nikasinzia. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Sikuwa nimeguswa vile na mtu mzima tangu nipate akili. "Mtoto huyu nitampokea mimi," alikuwa akiniambia, kiganja chake tumboni pangu, na hofu yote ya kuzaa ilinitoka. Nilihesabu mambo yote yamekwisha kupangwa.

Kazi ya maziwa ilikuwa yake peke yake. Alikamua, akasukasuka, akaosha vibuyu, akavifukiza kwa moshi wa nyasi mpaka nyumba nzima ikanukia. Maji ya kuoshea vibuyu alitoka nayo uani katika beseni, akarudi na beseni tupu. Alikuwa akiyamwaga wapi, sikuuliza. Kwangu mimi maji machafu yalikuwa maji machafu.

Mume wangu ndiye aliyeona vibaya. Asubuhi moja mama yake alipita na beseni mbele ya walimu wenzake waliokuwa barazani, na walipoondoka akamwendea.

"Mama, sinki lipo. Watu wakikuona unamwaga maji uani watasema hatujui kulitumia."

"Sawa, baba," akajibu mama yake.

Tangu siku hiyo vibuyu vilioshewa kwenye sinki, na mume wangu akatembea kifua mbele. Mimi pia nilifurahi. Nilidhani nyumba imetulia.

Ndipo akaja mkaguzi wa shule kutoka Bukoba. Mume wangu hakulala vizuri juma zima kwa ajili ya mtu yule. Nilipika ndizi na maharage na kuku, na wageni wakiwa bado darasani nikamwaga maji ya maharage kwenye sinki. Hayakushuka. Nikamwaga maji mengine nikidhani yatasukuma, yakapanda. Mapovu, maganda ya maharage na mafuta ya kuku vilielea mpaka karibu na ukingo, na hapo hapo nikasikia sauti ya mume wangu sebuleni: "Na huku, bwana mkaguzi, ndiko jikoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye, kusema kweli, hakushtuka hata kidogo, nusura afurahi. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, Mzungu alikuwa ameacha chombo cha kuzibulia, kijiti chenye kikombe cha mpira mweusi mwishoni. Hakikuwa kimetumika tangu tuingie, na nadhani mume wangu alikuwa akiiombea siku kama ile. Alikunja mikono ya shati, akaeleza jinsi mpira unavyoshika hewa na jinsi hewa inavyovuta uchafu, kama yuko mbele ya darasa, kisha akakitia ndani ya maji na kuanza kusukuma.

Sinki likakoroma. Alisukuma, akavuta, akasukuma tena, jasho likamtoka, na mkaguzi akasogea karibu kwa adabu ili aone vizuri. Mara mpira ukang'oka kwa kishindo. Maji ya maharage yakaruka, yakamwagikia mkaguzi kwenye suruali yake nyeupe, na juu ya mapovu kikaibuka kifurushi cha nyasi kilichofungwa kwa ufumwale wa mgomba, kimeviringwa vizuri, kikubwa kama yai la bata. Nyasi zile nilizijua. Ndizo alizosugulia vibuyu mama mkwe wangu.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa uani. Alitazama kile kifurushi, akatazama chini.

Mume wangu angemgombeza kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ningesema ni mtoto na mama yake, yangekwisha hapo hapo. Lakini alimgeukia mkaguzi, akasema kwa Kiswahili, huku akicheka kicheko kibaya: "Ni mama yangu huyu, bwana. Watu wa porini. Hata ukiwawekea bomba, uchafu wao hauwatoki."

Mama mkwe wangu alijua Kiswahili kidogo cha sokoni. Uchafu ni neno la sokoni. Lakini nadhani hata asingelijua, lililomchoma ni kuona mwanawe anazungumza juu yake kwa lugha ya mgeni, naye amesimama pale pale.

"Si kitu, mwalimu, si kitu," alisema mkaguzi, akijipangusa. Walikula. Kuku alisifiwa sana.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe uani amekwisha mfunga ndama kamba. Nilipiga magoti, na tumbo langu lile. "Mama, shikamoo. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Narudi kwangu." Akaniinua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilitaka kumtii mwanangu. Lakini lile sinki lina tundu moja. Maharage yako yanapita humo, na damu ya kuku inapita humo. Maziwa ya ng'ombe wangu nayo yakutane nayo humo? Ng'ombe angekauka maziwa. Basi nilikuwa naziba tundu kwanza, naosha, nayachota maji, nayatoa nje msipoona. Kisha nazibua. Jana nilisikia wageni, nikaharakisha, nyasi zikazama, vidole havikufika."

"Ungeniambia mimi, Mama."

"Ningekwambia nini? Kwamba sinki la mwanangu ni baya? Analipenda."

"Na mtoto je?" nikamuuliza. "Nani atampokea?"

"Utajifungua salama," akasema. Silo nililomuuliza. Akamswaga ng'ombe, ndama akafuata, na nikawatazama mpaka walipozama bondeni.

Nilimweleza mume wangu yote. Nilitarajia aseme ni ushirikina, maana neno hilo lilikuwa mdomoni mwake siku zote. Hakusema. Alikuwa amekulia katika nyumba ile ya Kaisho, na mtoto wa nyumba ile, akila maharage, hagusi maziwa mpaka kesho yake. Alijua kuliko mimi kwamba maziwa na maharage havikutanishwi. Alikuwa amejua siku zote, akajitia hamnazo mpaka kweli akasahau.

Shule ilipofungwa alikwenda kumfuata. Nilifagia chumba cha mama mkwe, nikabadilisha nyasi za kitandani, nikakaa barazani kila jioni nikitazama njia. Alirudi peke yake.

"Amekataa?" nikamuuliza.

"Hakukataa." Alikuwa anavua viatu, hanitazami. "Amenipokea vizuri. Amecheka. Lakini kila nikitaja safari, ananiuliza habari za shule."

"Na mtoto?"

"Amesema akizaliwa tumpelekee habari."

Habari! Hakusema aletwe. Niliingia ndani nikalia, na sikujali nani ananisikia.

Nilijifungua binti mikononi mwa muuguzi wa misheni, mwanamke mwema na mwepesi wa kazi, ambaye uso wake siukumbuki. Uchungu uliponizidi nilimwita mama mkwe wangu, si mama yangu. Habari tulimpelekea. Hakumwona mjukuu wake, kwani alifariki huko Kaisho kabla mtoto hajasimama, na sisi tulifika akiwa amekwisha zikwa. Hadi leo nikimkanda mtu mgongo huwa natafuta jinsi vidole vyake vilivyokwenda, na sipati.

Ila kabla ya hapo alikuwa ametujibu. Siku chache baada ya habari kumfikia, wachuuzi wa ng'ombe waliokuwa wakipita walituletea kibuyu, kimefukizwa, kimefunikwa kwa kifuniko cha nyasi alichokisuka mwenyewe. Ndani mlikuwa na maziwa ya ng'ombe, fungu langu la mzazi. Yalikuwa yamelala njiani na jua limeyapiga, yamechacha, yameganda mabonge. Yeye mtu wa ng'ombe alijua wazi hayatafika yakiwa mabichi, na bado akayatuma. Niliyanywa yote nimekaa kitandani, sikumwachia mtu tone.

Mume wangu akakichukua kibuyu. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alikaa chini uani na beseni, akakiosha kwa nyasi taratibu, nje na ndani, kama alivyomwona mama yake akifanya utotoni. Alipomaliza akasimama na yale maji. Akaenda hadi kwenye migomba, akasita, akarudi. Akaenda upande wa zizi lililokuwa tupu, akasita tena. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Alikuwa akiyamwaga wapi?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumfuata hata siku moja."

Akabaki pale amelishika beseni kwa mikono miwili.